Singe Iliyobaki Mezani

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Paa tumeziba, na jiwe la kunolea la marehemu baba bado linatulisha.

Jana wenzako uliowatoroka kambini walileta singe zao, vile visu vya kufunga kwenye mdomo wa bunduki. Nikawatania, "Wenye risasi mnahangaika na makali ya nini?"

Mkubwa wao akacheka. "Dada, risasi huamsha majirani."

Nikazinoa mpaka zikanyoa nywele za mkono, maana kazi ya baba sijui kuilipua. Wakaondoka nazo, wakaacha moja mezani.

"Hii tutaichukua mdogo wako akirudi."

Usije. Mama ameshakutandikia kitanda, nami sina ulimi wa kumwambia.

Dada yako mnoa visu