Majina Uliyoyakata kwenye Sanduku la Nyanungu

Kaka Mwita,

Tulikupoteza Jumanne, wiki kumi na moja zilizopita, saa nane mchana, kwenye barabara ya Sirari. Siku hiyo hiyo nilipoteza kitu ambacho hakuna aliyekililia msibani, kwa sababu hakuna aliyejua kipo: majina ya programu ya pampu ya Nyanungu. Nina hasira na wewe. Niliseme hilo kwanza, mengine yatafuata.

Jumapili kabla hujafa uliweka toleo jipya kwenye lile sanduku linaloongoza pampu ya sola. Ulimaliza saa kumi jioni. Jumatatu saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi likazima. Mzee Marwa, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikupigia ukamjibu, "Zimeni, washeni, nakuja Jumatano." Jumatano tulikuwa tunakuchimbia kaburi.

Likawa linazima hivyo hivyo wiki tisa. Nimepiga hesabu: mara themanini na tatu, kama kila mara waliliwasha papo hapo, na hawakuliwasha papo hapo. Kuna siku ng'ombe walishinda wamesimama kwenye birika kavu, na kina mama wakarudi mtoni na madumu kama zamani. Mzee Marwa hakunifokea. Alisema tu, "Binti, sanduku lenu linalala kuliko mlinzi wa shule." Kisha akanipa wiki mbili. Nikishindwa, wanaling'oa, na kazi yako ya miaka minne inakuwa chuma chakavu.

Mimi ndiye uliyenichukua kwenye meza ya kutengeneza simu pale stendi ya Tarime, sina cheti hata kimoja. Ulinifundisha kusoma maandishi ya programu, mistari elfu nne mia moja kumi na nane, na nakala ninayo. Lakini sanduku likizima linaacha neno moja tu: namba ya mahali lilipofia. Namba tupu. Mashine haihitaji majina. Ukishakompaili, yaani ukishageuza maandishi kuwa lugha ya mashine, "jaza_tangi" inageuka anwani, na ile orodha inayosema anwani fulani ni kazi fulani, mstari fulani, inakaa pembeni kwa ajili ya sisi binadamu tunaosaka makosa. Ukiikata, programu inaendelea kufanya kazi. Wewe uliikata. Ulisema sanduku lina nafasi ndogo, na hilo ni kweli. Ulisema pia, "Nikiacha majina, mtu wa Mugumu ataninakili kesho," na hilo ndilo linaloniuma, maana uliyemfungia mlango ni mimi.

Mama yako ndiye aliyenipa flashi zako, tatu, zimefungwa kwenye kitambaa. Kwenye ya kwanza nikakuta faili lenye majina. Nilikaa chini nikalia, halafu nikafungua programu ya kusaka makosa, nikaipa namba. Ikanijibu bila kusita: "pima_kina", mstari wa tisini na saba.

Siku tatu nilitengeneza "pima_kina". Niliiandika upya mara nne. Nikapanda bodaboda mpaka Nyanungu, nikaweka, na baada ya saa kumi na nane na dakika kumi na mbili sanduku likazima. "Pima_kina" haikuwa na kosa lolote, Kaka. Nilikuwa namtibu asiyeumwa.

Nilipokuwa nasubiri bodaboda ya kurudi ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unanikatisha kila nikifungua faili haraka: "Acha papara wewe, angalia kitambulisho." Kila programu ikikompailiwa inapewa kitambulisho chake, namba ndefu, na faili la majina linabeba namba ile ile. Sikuwa nimelinganisha. Faili nililolishika lilikuwa la toleo la nyuma, kabla hujaongeza kazi moja ndogo mwanzoni, na kila kilichofuata kilikuwa kimesogea. Majina yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya sanduku lile.

Flashi ya pili haikuwa na faili la majina; ya tatu nilitaka kuifuta, nikidhani ni takataka, kwa sababu faili lake lilikuwa kubwa mara kumi na tatu kuliko lile uliloliweka kwenye sanduku. Nikalinganisha kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, nikiwa nimesimama. Kikalingana na cha toleo uliloliweka Jumapili; ule ukubwa ulikuwa majina. Nikaipa programu ya kusaka makosa ile namba ya kwanza. "Kasi_ya_maji", mstari wa mia mbili na kumi na mbili.

Hapo unagawa lita kwa sekunde. Ulianza kuhesabu sekunde kutoka moja ili usigawe kwa sifuri, ukafanya vizuri. Lakini uliziweka kwenye chombo kidogo kisichovuka elfu sitini na tano mia tano thelathini na tano. Zikijaa, zinarudi sifuri, na kugawa kwa sifuri ndiko kunakozima sanduku. Gawanya mwenyewe kwa elfu tatu mia sita uone: saa kumi na nane na dakika kumi na mbili. Ningekuwa nawe Jumatatu ile tungelimaliza kabla chai haijapoa. Nilibadilisha neno moja, lile linalotaja ukubwa wa chombo.

Leo ni siku ya kumi na nne sanduku halijazima. Saa mia tatu thelathini na sita. Tangi linafurika, na Mzee Marwa ameanza kulalamikia matope, ujue mambo ni mazuri. Kamati inataka sanduku la pili upande wa chini wa kijiji, na wameniita fundi mbele ya watu.

Sasa tumalize letu. Ijumaa saa nne asubuhi nakabidhi kazi. Nimenunua kadi ya kumbukumbu kubwa zaidi; nafasi si tatizo tena. Nataka kuacha majina yote ndani, na maandishi yote niiachie kamati, ili siku nikianguka mimi, asikae mtu wiki tisa anapapasa namba. Jina lako litabaki mstari wa kwanza, hilo nakuahidi, na la kwangu litakuwa chini yake.

Najua ungekataa. Basi kataa. Lala salama, Kaka, lakini kabla ya Ijumaa saa nne nipe jibu moja, ndiyo au hapana: niyaache? Ukinyamaza nitahesabu ndiyo.

Bhoke