Vitufe Viwili vya Baba

Kaka,

Hujambo? Bila shaka u mzima, maana mtu mwenye nguvu ya kujibu watu vile hawezi kuwa mgonjwa. Sisi tuko salama, isipokuwa Baba, na safari hii usiruke mistari kama ulivyozoea.

Tangu mkono wake wa kulia upooze, Baba hutunga nyimbo za kwaya kwa ile programu ya noti ambayo wewe na wenzako mnaitengeneza kwa kujitolea. Nyingine hataki, hii ni ya mwanawe. Nilimpangia vitufe vya mkono wa kushoto: akibonyeza Control na D pamoja, inawekwa alama ya kunyamaza, pale waimbaji wanapotua. Akazoea, akawa anatunga macho yakiwa kwenye karatasi yake.

Likaja toleo jipya. Baba anabonyeza, anahifadhi, akiinua macho sauti ya pili yote haipo. Akasema akili inamtoka. Juzi aliiambia kwaya itafute mwalimu mwingine, akarudi akaifunika kompyuta kwa kitambaa.

Mimi sikukubali. Nilizima vitufe kimoja kimoja mpaka nikakukamata. Control na D mmevipa kazi ya kufuta mstari mzima wa sauti, mkaukanyaga mpangilio wa mtumiaji bila hata onyo. Lakabu iliyo chini ya badiliko hilo ni yako, ile ya tangu shuleni. Baba haijui. Mimi naijua.

Nikaripoti hitilafu kwenye ukurasa wenu bila kujitaja, nikaeleza habari za mwalimu mzee wa kwaya anayetumia mkono mmoja. Hukuuliza hata swali. Ukaifunga ripoti na kuandika: "Programu haina kosa. Kama vidole vimemshinda, huyo mzee apumzike." Wenzako wakacheka.

Huyo mzee ni Baba, Kaka. Na jibu lako amelisoma mwenyewe, polepole, kwa sababu alikuwa akilisubiri.

Nimemtengenezea nakala yetu ya programu, nimeutoa uchafu wako wote. Kitambaa bado kiko palepale. Nina hasira nawe, na sitaki unipigie simu kunieleza.

Baba anakusalimu sana. Kwa kuwa wewe ni mmoja wao, anakuomba umwombee radhi kwa yule fundi aliyejibu ripoti, kwa kuwa alimpotezea muda.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu