Timu Yetu Ilipofika Bethzatha

Kiboko,
5 Februari 2023

Mwaitu mpendwa,

Habari ya hapo Migwani? Goti lako linaendeleaje, na mbuzi, na jirani yako Kanini? Mimi sijambo. Jua la Kiboko ni lile lile, lakini watu wenye magari bado wanasimama kununua miche yangu ya maembe na mapapai, kwa hivyo nakula na kulala.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka miwili sijakanyaga nyumbani. Nimeandika kwa karatasi, nikapiga picha, nikatuma kwa simu ya Kanini akusomee, kwa sababu kwa simu sisi wawili hugombana kabla salamu haijaisha.

Habari yenyewe ni hii. Tangu lori linikate mguu, watu walisema kazi yangu sasa ni kukaa. Basi kukaa kumenipa kazi kweli. Huku Makueni tuko na timu ya voliboli ya kukaa chini. Wavu unashushwa, kila mchezaji anakaa sakafuni: wenye mguu mmoja kama mimi, waliougua polio, hata wasio na miguu. Tumealikwa mashindano ya kirafiki, na wenyeji wanalipa tiketi. Jishike: ni Yerusalemu. Tunaondoka tarehe kumi na mbili Machi, na mwisho wa safari tutatembezwa mji wa kale.

Nataka baraka yako ya mama kabla sijapanda ndege. Lakini mwaitu, nakusihi: niombee safari. Usiniombee mguu.

Mwanao,
Mulwa

*

Migwani,
14 Februari 2023

Mwana wakwa Mulwa,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Goti linanisumbua asubuhi tu, likipata joto linanyamaza. Mbuzi wamebaki watatu. Mvua bado tunaiangalia kwa macho.

Kanini alinisomea barua yako dukani kwake, nikamwambia asome tena. Yerusalemu! Marehemu baba yako aliimba habari za mji huo kwenye kwaya miaka ishirini, na hata Mombasa hakufika. Nilisimama kanisani nikatangaza. Wamama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akakaa chini angoje.

Baraka nimekupa, tena nimetoka nje asubuhi nikaita jina lako nikielekea mashariki.

Sasa nisikilize mama yako. Soma Yohana tano. Kuna birika la Bethzatha, pale wagonjwa na viwete walipongoja maji yatibuliwe, na yule mtu wa miaka thelathini na minane akainuka. Mama Mumbua wa Ushirika wa wamama kanisani anasema birika hilo liko mpaka leo. Ingia, mwanangu. Hata kama ni kidole kimoja. Uniletee na maji kidogo kwa chupa.

Najua umesema nisiombe. Lakini mama hafundishwi cha kuomba.

Ni mimi mama yako,
Kalunde

*

Kiboko,
20 Februari 2023

Mwaitu,

Natumaini u mzima. Mimi nina afya.

Sitaenda hapo Bethzatha, na nitakuambia kwa nini, maana hatujawahi kuyasema haya maneno.

Ile siku ya krusedi, ule mkutano wa maombezi uwanjani, ni wewe ulinipeleka mbele. Yule mhubiri alipokea magongo yangu, akayatupa kando na kuniambia nitembee kwa imani. Nilianguka kifudifudi mbele ya Migwani yote. Nikiwa pale chini na vumbi mdomoni nilikutafuta, mwaitu. Ulikuwa umefunika uso na leso.

Baadaye alisema imani yangu ndiyo ilikuwa fupi. Wewe hukumjibu.

Mimi naenda Yerusalemu kucheza. Siendi kutibiwa.

Bado ni mwanao,
Mulwa

*

Yerusalemu,
20 Machi 2023

Mwaitu mpendwa,

Shikamoo kutoka mbali. Mwezi mzima hujanijibu. Nilimpigia Kanini, akasema unaenda shamba na kurudi, husemi kitu. Nimekuwa nikibeba hicho kimya chako kama mzigo wa pili. Basi naandika tena, kwa sababu nimeona mambo ambayo nikinyamaza nitapasuka.

Kwanza mchezo. Tumecheza mechi nne, tumeshinda mbili. Wenyeji walitufunga seti tatu kwa moja, na ile moja tuliyochukua, kocha Kasyoki alilia kama tumechukua kombe.

Leo ndio tulitembezwa. Mwaitu, huu mji ni ngazi tupu! Ni mawe yamekanyagwa na watu tangu zamani mpaka yanateleza kama sabuni. Magongo yangu yalikuwa yanapiga kelele njia nzima. Kapteni wetu anaitwa Nzau, mtu wa Mutomo, polio ilimpata akiwa mtoto na anatembea kwa mikono, amevaa slipa mikononi. Alishuka zile ngazi mbele yetu sote akitucheka. Wenye maduka ya misalaba na viungo walitoka nje kutuangalia. Mzee mmoja alimpa Nzau chungwa, hawakuelewana neno hata moja, wakashikana mkono.

Nimeona Mlima wa Mizeituni kwa mbali, na makaburi yamejaa mteremko mzima. Nimegusa ule ukuta wa mawe makubwa ambapo watu wanaomba wameegemeza kipaji cha uso. Kanisa la kaburi la Bwana lilikuwa limejaa watu, sikuweza kuinama niingie kaburini, nikasimama nje nikataja jina la baba. Hiyo niliona nimfanyie.

Halafu mtembezaji akasema, “Sasa tunaenda Bethzatha.” Nikamwambia Nzau mimi nitangoja langoni. Akauliza sababu, nikamweleza yote: krusedi, leso, barua yako.

Akasema, “Yule jamaa wa Biblia alikuwa na shida gani?”

Nikamwambia, “Alikuwa kiwete.”

“Hapana. Soma vizuri. Alisema hana mtu wa kumtia majini. Miaka yote hiyo, hana mtu. Wewe uko na watu kumi na mmoja na kocha.”

Kabla sijajibu wenzangu walikuwa wameninyang'anya magongo. Safari hii sikuogopa. Tulishuka tukishikana, huyu anabeba yule, yule anashika huyu kiuno, kocha nyuma akipiga kelele tusivunjike kabla ya ndege. Birika lenyewe ni shimo kubwa la kuta zilizobomoka. Maji ni kidogo sana, chini kabisa, mahali pa giza. Hatukuyafikia. Hakuna aliyejali. Tulikaa kwenye mawe, viwete kumi na wawili wa Ukambani, tukala machungwa ambayo Nzau alikuwa ameongeza kununua.

Kando yake kuna kanisa la mawe. Tuliimba wimbo mmoja wa Kikamba, ule wa kushukuru, na ile nyumba ikachukua sauti zetu ikaziongeza mpaka wageni wengine wakanyamaza. Nililia, mwaitu. Sikuomba mguu. Niliomba unijibu.

Maji sikuchota. Usinikasirikie.

Mwanao anayekukumbuka,
Mulwa

*

Migwani,
3 Aprili 2023

Mulwa mwanangu,

Natumaini ulirudi Kiboko salama na kifua hakikushikwa na baridi ya ndege. Huku mvua imenyesha siku tatu, tumepanda kunde na ndengu.

Hii barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Kanini amekaa mbali. Kwa hivyo nisamehe herufi.

Sikukujibu kwa sababu ulisema kweli, na sikuwa na la kuweka juu yake. Ulidhani nilifunika uso kwa kukuonea aibu. La. Nilifunika kwa sababu nilijua hutasimama. Nilijua kabla hajayashika hayo magongo. Mimi ndiye niliyekuosha kidonda hospitalini, nawezaje kutojua? Na nikanyamaza, maana watu wote walikuwa wanasema amina. Halafu alipokulaumu wewe nikanyamaza tena. Hilo ndilo jambo lililonikaa kooni miaka miwili. Nisamehe, mwanangu.

Jana ilikuwa Jumapili ya Mitende. Mchungaji alinipa nafasi nitoe ushuhuda wa safari yako. Mama Mumbua akauliza kwa sauti, “Na mguu?” Kanisa lote lilikuwa linangoja. Nikasema, “Mguu ni ule mmoja. Mwanangu ameenda Yerusalemu akacheza, na akarudi mzima.” Nikakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Lakini mzee mmoja nyuma alisema amina, na mimi nikaitika.

Kanini anasema mko na mechi mjini Wote tarehe ishirini na mbili, dhidi ya watu wa Machakos. Tunakuja naye. Sijawahi kuona huo mchezo. Niambie mtu anatakiwa kukaa wapi.

Mama yako,
Kalunde

*

Kiboko,
24 Aprili 2023

Mwaitu wangu,

Mmefika salama? Goti halikuvimba kwa safari? Mimi nina maumivu ya mabega, lakini ni yale matamu.

Nakuandikia ingawa tumeonana juzi tu, maana kuna neno sikuweza kulisema mbele ya watu.

Kwanza, refa anakusalimu. Aliponipigia filimbi kwamba nimenyanyuka kutoka sakafuni, na wewe ukasimama ukapiga kelele, “Amenyanyukaje na hana mguu?” ukumbi wote ulicheka mpaka watu wa Machakos. Hata yeye alicheka. Lakini sheria ni sheria, mwaitu, makalio hayatoki sakafuni ukipiga mpira, na kweli nilikuwa nimenyanyuka. Nzau anasema tukienda mechi nyingine lazima tukubebe.

Sasa neno lenyewe. Tuliposhindwa ile seti ya mwisho nilibaki nimekaa sakafuni, sitaki kuangalia mtu. Ndipo nikaona umevua viatu, umeingia uwanjani polepole na goti lako hilo, ukakaa chini kando yangu, ukanyoosha miguu. Hukusema pole. Uliweka mkono juu ya kigutu changu. Tangu nitoke hospitali hukuwa umekigusa. Nilingoja uanze kuomba.

Uliniuliza tu, “Kinauma?”

Nikakujibu hapana. Kwa kweli kinauma kidogo, jioni, baridi ikiwa kali. Nilitaka ujue.

Mwezi wa Agosti tukifunga mazoezi nakuja nyumbani nikae wiki mbili.

Mwanao,
Mulwa