Kitambaa cha Viti

Jumapili, Mwanza

Na mkasi alinishikia mama mkwe mwenyewe! Hilo ndilo linalonichoma.

Viti vyetu vimechanika hadi sponji inachungulia, na duka la ushirika halijaleta kitambaa tangu masika. Juzi mama mkwe alinituma shali sandukuni mwake, nikakuta nguo ya gome la mti, laini, rangi ya udongo, imekunjwa vizuri. Kwetu Misungwi sijawahi kuiona. Nikamwuliza, “Mama, hii inafaa kuvalisha viti?”

Akanitazama kidogo. “Kata tu, mwanangu.”

Nikakata, nikapigilia misumari, yeye pembeni ananisifu kwamba nina mikono ya fundi. Mume wangu alikuwa safarini. Angekuwepo angenizuia, maana ni mtoto wa Bukoba.

Leo baada ya misa wamekuja akina mama wa jumuiya, wengi Wahaya wenzake. Wamekaa, wakapapasa viti, wakatazamana. Ndipo mama mkwe akasema kwa upole, kikombe mkononi, “Mkwe wangu amechoka kuningoja nife. Sanda yangu amevalisha viti.”

Wote wakasimama. Hakuna aliyemaliza chai. Nilipojaribu kueleza kwamba aliniruhusu, akainamisha kichwa kama mtu aliyezoea kusingiziwa.

Wageni walipoondoka akakaa kwenye kile kiti kikubwa, akajiegemeza, akanitupia kipande kilichobaki.

“Kiweke. Wewe mfupi, kitakutosha.”

Nimekipima. Kinanitosha.