Maoni Niliyomsomea Mama Mkubwa

Jumatano, Butiama. Tangu asubuhi wingu limeshuka limekaa juu ya mabati, mvua hainyeshi na jua halitoki. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa, naandika kwa kidole kimoja.

Dada yangu Jaji amefariki jana.

Ninyi mnaosomaga hapa mnamjua, nimemsimulia mpaka mmechoka. Mtoto wa baba yangu mkubwa na huyu Mama Mkubwa. Mimi ndiye niliyemvusha mto mgongoni tukiwa wadogo, maji yakiwa shingoni, na mamba akatupisha. Najua mwaka jana niliandika mamba walikuwa wawili. Walikuwa wawili. Na kesi yake ya kwanza kabisa nilikuwepo: ng'ombe waliingia kwenye mtama wa watu, watoto wote tuliokuwa tunachunga tukakana, yeye akapanda juu ya kichuguu, akasikiliza mmoja mmoja, halafu akanitia hatiani mimi. Haki kabisa. Tangu siku hiyo sikubishana naye tena, na mimi simwachiaga mtu neno, muulizeni yeyote pale sokoni Musoma ninapouzia dagaa.

Sasa, kwetu mama haambiwi kifo cha mwanae kwa simu. Haambiwi na mtu mmoja, wala haambiwi akiwa na njaa. Wanakuja wazee na mashangazi, wanakaa naye, wanahakikisha amekula, mmoja anamshika mkono wa kulia, ndipo mkubwa wao anatoa neno. Wazee wetu wako Bunda. Kwa hiyo jana habari ilipotoka Dar, wakanipigia mimi niliye Musoma: wahi Butiama, zima redio, chukua simu ya mama, zuia watu mpaka tufike.

Nikawaambia wahesabu imekwisha. Mimi niliwahi kuzuia dume la ng'ombe kwa pembe, kule Bugwema, mbele ya watu.

Nikapanda pikipiki yangu. Nilimkuta anachambua maharage, akacheka kuniona. Betri za redio nikazitoa, nikasema ni za tochi. Simu yake nikaitia mfukoni, nikasema naipeleka chaji. Nikaweka kiti mlangoni nikakaa kama askari wa benki.

Jirani akapita nyuma, upande wa zizi. Alikuwa ameiona picha ya Jaji kwenye status ya mtu, imezungushiwa mishumaa. Akaingia jikoni analia, "Mama Jaji, pole! Pole mama yangu!"

Maharage yote yakamwagika.

Wazee walikuwa bado Bunda wanasubiri gari. Mama hajala. Nilimshika mkono mimi, wa kushoto, maana ndio uliokuwa karibu. Mpaka sasa najiuliza kwa nini sikuzunguka upande wa pili.

Jioni watu walijaa uani, kila mmoja ameinamia simu yake. Nami nikafungua. Wapo waliomlilia, sikatai, mawakili na watu aliowafundisha kazi. Lakini chini ya ile picha ya joho jekundu, Mungu wangu! Mmoja kaandika, zamu yake sasa kuhukumiwa. Mwingine anauliza kama huko alikokwenda kuna rufaa, na watu wameweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wanamsema kwa kesi moja ya ardhi aliyoiamua, na nusu yao nina hakika hawajui ardhi yenyewe iko wapi. Mimi pia sijui vizuri. Huenda alikosea, mtu anayeamua mambo ya watu maisha yake yote atakosaje kukosea? Ila wengine hata kesi hawaitaji. Wanauliza mume wake alikuwa nani.

Niliwajibu. Niliandika kwamba mimi ni kaka yake, na mama yake yuko hai, acheni. Kijana mmoja akanijibu, "Mzee, kalale." Wakamgongea dole gumba kwa wingi. Nikawa nabonyeza pale pa kuripoti, tusi baada ya tusi, mpaka kidole kikafa ganzi, na yote yakabaki palepale.

Dume la ng'ombe lina pembe. Hiki kitu nikishike wapi?

Leo asubuhi Mama Mkubwa akaniita. Kusoma hajui.

"Wewe mwenye mdomo, njoo hapa. Watu wanaangalia simu, wakiniona wanaficha. Wanamsemaje mwanangu? Nisomee."

Nikafungua. La kwanza lilikuwa tusi. La pili silirudii hapa.

Nikasoma, "Pumzika, mama wa haki." Halikuwepo. Nikasoma kwamba kuna mtu wa Tarime anasema huyu hakula cha mtu. Kidole kinateremka, matusi yanapita, mdomo unasoma mema. Halafu nikanogewa, mnanijua. Nikamsomea mjane mmoja wa Kisorya, pale kwenye kivuko cha Ukerewe, muuza samaki. Shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba la marehemu, Jaji akamrudishia, na leo shamba lina mihogo, watoto wamesoma kwa mihogo hiyo.

Mama Mkubwa akanitazama. "Leo hujaongeza chumvi?"

"Hata punje, Mama Mkubwa."

"Rudia hapo pa mihogo."

Nikarudia. Akaomba uji. Akanywa kikombe chote, kitu cha kwanza kupita mdomoni tangu jana. Kisha akawaita wazee, ambao walishafika, akasema: "Jumamosi kwenye mazishi wakubwa wataongea ya kwao. Mimi nataka yule mama wa Kisorya asimame kaburini aseme. Huyu anamjua, atamleta." Akanishika mkono.

Wa kulia.

Wazee wakanitazama. Wananifahamu tangu enzi za mamba. Mkubwa wao akakohoa, akasema, "Basi weka mafuta kwenye pikipiki."

Nimewaza kutafuta mtu wa kuigiza. Pale sokoni kwetu wapo wanawake wanaoweza kulia kwa mpangilio. Lakini nisimamishe shahidi wa uongo mbele ya yule aliyenikamata kwa ng'ombe wa mtama? Angenitia hatiani akiwa ndani ya sanduku.

Na kuna jambo lingine limenikaa. Nilitunga, ndiyo. Lakini siamini kwamba huyo mama hayupo. Miaka yote ile mahakamani, wajane wangapi walipita mbele yake? Wenye hasira wanaandika. Aliyerudishiwa shamba yuko kwenye palizi, bando hana, labda hata habari hajazisikia.

Alfajiri naondoka kwenda Kisorya. Nitaanzia kivukoni, nimuulize kila mwenye beseni la samaki. Nitaulizaje, sijui. Mimi, nisiyekosaga la kusema.

Mama, kama upo. Hata kama si wa Kisorya, hata kama shamba halina mihogo. Ni Jumamosi, hapa Butiama. Nitakufuata mwenyewe, popote ulipo.