Sindano za Eliamini

Jumatatu, 1 Machi 1993
Mazoezi ya kifua na mabega, kabla ya kazi. Vyuma ni vya kweli sasa, vimetoka Moshi. Zamani mimi na rafiki yangu Eliamini tulijaza saruji kwenye makopo ya rangi, bomba la maji katikati. Tulikuwa wembamba. Tulicheka sana. Siku hizi hatucheki. Leo sindano ya saba ya kujaza misuli. Eliamini huzitoa Taveta, ng'ambo ya mpaka. Miaka ile hata sabuni ilikuwa shida. Sasa kila kitu kinauzwa.

Jumamosi, 6 Machi
Chuchu ya kushoto inauma. Chini yake kuna kigumu, kama haragwe. Nimevaa shati pana. Aibu.

Jumatano, 10 Machi
Ya kulia nayo. Miguu imevimba, kichwa kinagonga. Eliamini anasema vipo vidonge vya kuzuia hali hii, wanavyopewa wanawake wenye saratani ya matiti. Nimeze vingapi? Hajui. Mashindano ya kutunisha misuli ni baada ya wiki mbili.
Nimekumbuka kijijini kwetu Mamba, tukizibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nilibeba mawe tangu asubuhi, nikarudi kula makande ya mama. Hakuna aliyenipima mkono kwa futi. Nilikuwa na nguvu, na sikujua.

Jumatatu, 15 Machi
Hospitali. Daktari ni mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikashindwa kuendelea, nikafungua shati tu. Aliponiuliza nikataja sindano. Presha iko juu. Akaeleza kwamba dawa hii ikizidi, mwili hugeuza sehemu ya dawa hiyo kuwa homoni ya kike. Ndiyo inayootesha matiti na kujaza maji. Damu nayo yaweza kuganda.
"Sindano basi, mwanangu. Na usimeze kidonge cha rafiki. Njoo kila wiki nikupime."

Jumamosi, 20 Machi
Nimemwambia Eliamini sishindani.
"Umeogopa," alisema.
"Nimeogopa."
Eliamini akafungua vifungo vya koti. Matiti yake ni makubwa kuliko yangu. Mwaka mzima amevaa koti kwenye jua hili la Same, nami nikidhani ni maringo.
Jumatatu tunakwenda wote hospitali.

Jumapili, 18 Aprili
Mamba. Mvua tangu jana. Presha imeshuka. Maumivu yamekwisha, uvimbe wa chuchu bado. Daktari anasema huenda ukabaki. Eliamini ataona daktari wa upasuaji Moshi.
Baada ya ibada baba alinitazama, akasema nimekonda. Nikaitikia. Akanisogezea chai ya tangawizi. Tukakaa.