Chebet, Sikununua Kadi Uliyoichagua

Chebet, rafiki yangu,

Nimenunua laptop ya ofisi, na kadi ya grafiksi iliyo ndani si ile uliyoichagua. Nimeona heri uisikie kutoka kwangu.

Tangu ufariki mwezi wa nane mwaka jana, hapa ofisini kwetu kwa michoro, Nakuru, tumebadilika kiasi. Kwenye meza yako tumeweka printa. Januari hatukufungua kabisa kwa sababu ya fujo za baada ya uchaguzi. Wateja wengine walihama na hawajarudi, na habari ya laptop ikasahaulika. Wiki iliyopita bosi aliniita akasema, "Nunua ile alitaka Chebet. Angalau hiyo tumfanyie."

Sikumwambia kwamba tulikosana juu ya hiyo kadi. Ilikuwa Ijumaa. Ulikuwa na karatasi ya matangazo ya duka, umezungushia kalamu namba ya memori. Kadi yako ilikuwa na memori mara mbili ya ile ya kampuni pinzani, niliyoitaka mimi. Nikasema namba siyo kila kitu. Ukasema, "Nyambura, wewe unapenda tu kubishana." Nikachukua mkoba nikatoka bila kukuaga. Jumapili pumu ikakubana, na kabla hujafikishwa hospitali ukawa umeenda.

Kwa hivyo nilienda dukani kwa Bwana Gurdeep nikiwa nimeamua kununua yako. Ni yeye aliyenizuia. "Madam, jaribu zote kwanza. Hii kitu hairudishwi." Akaweka juu ya kaunta laptop mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kadi. Nilikuwa na mchoro wako kwenye flash, ule wa visima na mabomba ya mvuke ya Olkaria uliokuchukua miezi minne. Nikaufungua kwenye zote mbili, nikaanza kuuzungusha.

Kwa kadi yako mabomba yalikuwa yanarukaruka, na nilipokaribia visima skrini ikakwama. Kwa ile nyingine yalizunguka polepole, lakini bila kukatika. Nikamuuliza Gurdeep inawezekanaje, na yako ina memori mara mbili. Akanionyesha kwenye mashine. Kadi yako yenyewe ilikuwa na memori kidogo tu, hiyo iliyobaki ilikuwa inaiazima kutoka kwa laptop. Tangazo lilijumlisha zote.

Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki karibu saa nzima nikizungusha mchoro wako. Sikufurahi kwamba nilikuwa sawa. Ningependa ungekuwepo ushike kipanya, useme nimeifungua vibaya. Na kuna mahali nilikosea pia. Nilikuapia kwamba kadi yangu haipati moto. Inapata, Chebet. Huwezi kuiweka mapajani.

Nikampigia bosi, nikamwambia kwamba ile kadi ya Chebet haiwezi kubeba mchoro wa Chebet. Yeye akasema, "Sawa. Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye hapa ofisini."

Kwa ile Ijumaa sijawahi kukuomba msamaha. Naomba sasa. Siyo kwa kuikataa kadi yako, hiyo ningeikataa hata leo. Ni kwa kutoka vile nilivyotoka.

Jumanne naupeleka mchoro Olkaria kwa wahandisi. Bosi alipendekeza tuandike jina langu kwenye kona, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeulizwa maswali. Nimekataa. Nakuahidi jina la mchoraji litabaki lako hata mabomba yakiongezwa, na nitakachoongeza mimi nitakiandikia jina langu chini ya lako. Kuna valvu mbili sijui kwa nini uliziweka pale ulipoziweka. Sitazigusa mpaka nielewe.

Wakiuliza huyu Chebet yuko wapi, nitawaambia.

Kwaheri, mpenzi.

Nyambura